Shokapu ya Baridi

Fundi hakushika spana wala jeki. Alichutama kando ya gurudumu la nyuma, akapenyeza mkono nyuma ya tairi, akagusa kitu kwa mgongo wa vidole, akautoa. Akazunguka upande wa pili, akagusa tena, safari hii akauchomoa haraka na kuupuliza. Nilikuwa nimetoka kuendesha karibu nusu saa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, ile inayokutetemesha mpaka meno, na nyuma ya gari kulikuwa kunayumba kama mlevi anayetafuta mlango.

"Ya kulia nzima," akasema. "Ya kushoto imekufa. Iguse mwenyewe, kaka. Ya baridi."

Nikaigusa. Ilikuwa baridi kweli, kama chuma kilicholala nje. Ya kulia ilikuwa na joto la pasi iliyochomolewa muda si mrefu.

Mimi nilikuwa nategemea kinyume chake. Kichwani mwangu kitu kibovu ndicho kinachochemka: injini ikiharibika inachemka, beringi ikikwisha inaunguza, hata binadamu akiugua anapanda homa. Hapa mgonjwa ndiye aliyekuwa baridi na mzima ndiye aliyekuwa anaungua. Nikarudi nyumbani nikiwa na swali ambalo, kwa kazi yangu, lilinikera zaidi kuliko lingemkera mtu mwingine. Ninahariri tafsiri za miongozo ya mitambo, na hilo neno limepita mikononi mwangu mara nyingi nikiliandika bila kufikiri: kifyonza mshtuko. Kama kazi yake ni kufyonza mshtuko, joto linatoka wapi? Kitambaa hufyonza maji na kinabaki kimelowa tu, hakichemki.

Tuanze na majina yenyewe. "Kifyonza mshtuko" ni jina la vitabuni. Ukienda gereji ukasema kifyonza mshtuko chako kimeharibika, fundi atakutazama kama mtu aliyetumwa na mwalimu. Wenye kazi yao wanasema shokapu, au shokamzoba. Wengine shokomzoba, wengine shokabzoba, na sijaona ugomvi wowote ukizuka kwa sababu ya tofauti hizo. Hiyo m ya shokamzoba ni yetu wenyewe, shock absorber ya Kiingereza haina. Pale b na z zinapogongana ulimi wa Kiswahili hutafuta mahali pa kukanyaga, na m kwetu inaweza kusimama peke yake kama silabi, basi neno likapata ngazi tano za kupanda: sho-ka-m-zo-ba. Nilipokuwa mdogo nilisikia shoka mwanzoni na zoba mwishoni, na kwa kuwa zoba ni bwege, mtu aliyezubaa, nilijenga picha ya jamaa mmoja mjinga aliyejificha chini ya gari na shoka mkononi. Shokapu nayo ina kapu ndani yake. Hilo la kapu si baya sana. Angalau kapu ni kitu cha kupokelea.

Tatizo ni kwamba, pale chini ya gari, anayepokea si shokapu.

Gari likipanda tuta au likiangukia shimo, wa kwanza kupokea kipigo ni tairi, kwa upepo uliomo ndani yake. Wa pili ni springi. Springi ndiyo inayojikunja ili gurudumu lipande na mwili wa gari ubaki ulipo. Ule mshtuko uliokuwa upande mpaka kwenye kiti chako umeingia kwenye springi na kukaa humo. Kama kuna kifaa kinachostahili jina la kupokea mshtuko ni hiki. Lakini springi ina tabia moja mbaya: haisahau. Ulichoipa itakirudisha, karibu chote, na ikikirudisha itapitiliza, kisha itavutwa tena, kisha itarudisha tena. Magari mengi ya abiria, yakiachwa na springi zake peke yake, yangepanda na kushuka mara moja au mara moja na nusu hivi kwa sekunde, na tuta moja lingekuchezesha kwa mita mia kadhaa. Ukikuta tuta la pili kabla la kwanza halijaisha, mambo yanajumlishana.

Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake kuna silinda yenye mafuta, na ndani ya mafuta kuna pistoni iliyofungwa kwenye fimbo inayong'aa. Pistoni ina matundu madogo, na matundu yamefunikwa na visahani vya chuma vyembamba kama wembe. Springi ikijikunja au ikijinyoosha, fimbo inaingia au inatoka, na mafuta yanalazimishwa kupita kwenye yale matundu. Hayapendi. Yanasuguana, yanabanwa, yanapata moto. Mwendo wa springi unageuka kuwa joto la mafuta, joto linapita kwenye ukuta wa silinda, upepo wa chini ya gari unalichukua. James Joule, Mwingereza aliyetumia miaka ya 1840 kukoroga maji kwa makafi ili aonyeshe kwamba mwendo hugeuka kuwa joto, angeitambua shokapu mara moja. Ni chombo chake, kimefungwa tu kwenye gari.

Kwa hiyo kinachofyonzwa si mshtuko wa barabara. Ni ubishi wa springi baada ya mshtuko.

Nilielewa zaidi kwa mikono kuliko kwa michoro. Siku ya kubadilisha, fundi alifungua zote mbili za nyuma na kunipa ile nzima niishike. Akaniambia niisimamishe chini na kuisukuma fimbo pole pole. Ikaingia bila neno, kama kisu kwenye siagi. "Sasa isukume kwa nguvu, kwa haraka." Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikakataa. Ilishuka, ndiyo, lakini kwa mwendo wake yenyewe, ikinong'ona kwa ndani. Hapo ndipo akili ilipofunguka: shokapu haijali umesukuma umbali gani, inajali kasi. Ukienda taratibu haina shida na wewe. Ukienda kwa fujo inakuongezea upinzani, na kadiri unavyozidi fujo ndivyo inavyozidi kukataa. Springi iko tofauti kabisa. Yenyewe inajali umbali tu. Ikandamize kwa dakika nzima au kwa kufumba na kufumbua, nguvu itakayokurudishia ni ileile.

Kisha nikajaribu kuvuta. Ilikuwa nzito zaidi kuliko kusukuma. Nikadhani imekwama, fundi akacheka. Ndivyo zilivyotengenezwa, nyingi hulegeza wakati wa kuingia na kukaza wakati wa kutoka, maana springi inapojikunja inafanya kazi tunayoitaka, na inapojinyoosha ndipo inapoanza vurugu. Halafu akanipa ile iliyokufa. Fimbo iliporomoka ndani kwa uzito wake yenyewe, ikagonga chini, tok. Sili ilikuwa imechanika na mafuta yalikuwa yamevujia nje muda mrefu, yakashika vumbi na kuwa tope jeusi lililoganda ubavuni. Hakukuwa na kitu cha kusuguana ndani. Ndiyo maana ilikuwa baridi.

Ukijua hivi, utaona kwamba Kiingereza ndicho kilichotupotosha, nasi tukatafsiri upotovu kwa uaminifu. Hata Waingereza wenyewe, hasa wahandisi wao, wanalikwepa jina hilo; wakiwa kazini wanasema dampa, kitu cha kutuliza, na baadhi yao wana hasira kabisa na jina lile jingine. Wajerumani wanasema Stoßdämpfer, kituliza kipigo, ambalo ni nusu ya ukweli. Jina ninalolionea wivu ni la Kifaransa: amortisseur. Ndani yake mna kifo. Ni kifaa kinachoua, kinachofifisha kitu pole pole mpaka kinyamaze, na neno la ukoo huohuo hutumiwa na wahasibu wao kwa deni linalolipwa kidogo kidogo mpaka liishe. Sisi tunasema shokapu imekufa bila kujua kwamba kwa Kifaransa ni muuaji ndiye amekufa, na mwendo aliotakiwa kuuua umebaki hai.

Na waanzilishi walijua vizuri adui yao alikuwa nani. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuvuka milioni 15, halikutoka kiwandani na shokapu. Lilitegemea springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kusuguana kwa mabamba hayo ndiko kulikotuliza kidogo. Mfaransa Truffault alikuwa tayari ameleta wazo la mikono miwili ya chuma yenye visahani vinavyosuguana katikati, na Mmarekani Edward Hartford akalichukua na kulifanya biashara. Claud Foster wa Cleveland, ambaye alishajipatia jina kwa honi za magari, alitengeneza mkanda uliojiviringisha kwenye ngoma: gurudumu likipanda, mkanda ulilegea na kuliacha, likishuka, mkanda ulibana. Angalia hapo. Mshtuko unapokuja, kifaa cha Foster hakifanyi chochote! Kinasubiri springi ianze kurudi ndipo kinaikamata. Maurice Houdaille, Mfaransa mwingine, ndiye aliyeleta mafuta mahali pa msuguano mkavu, na Ford walipoachana na Model T wakatoa Model A, gari hilo jipya likaja na vifaa vya Houdaille kwenye magurudumu yote manne. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa anapigana na barabara.

Mafuta nayo yana udhaifu wake. Ukiyapeleka huku na huko kwa kasi sana yanatoa povu, na povu halina upinzani, pistoni inapita humo kama iko hewani. Barabara yenye mawimbi ndiyo mahali pake. Piga hesabu: ukienda kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 hivi kila sekunde. Mawimbi yakiwa yameachana kwa sentimita 80, gurudumu linapigwa mara 14 kwa sekunde, na gurudumu lenyewe, ukiliacha lirukeruke kwa mwendo wake wa asili, hupenda mara 10 hadi 15. Umeligonga palepale panapoliwasha. Ndiyo maana kuna kasi ambayo gari linatetemeka zaidi kuliko ukienda taratibu na kuliko ukienda haraka zaidi, na ndiyo maana shokapu yangu ya kulia ilikuwa inaungua. Ilikuwa imefanya kazi ya wawili. Dawa ya povu ni kuweka gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo ili mapovu yasipate nafasi ya kuota. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeisukuma mbele shokapu ya silinda moja yenye gesi, na kampuni ya Bilstein ikaanza kuitoa kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya Mercedes-Benz. Mgandamizo wake unaweza kufika mara 25 ya ule wa hewa tunayovuta. Usiitoboe kwa udadisi.

Sasa nikuambie jina baya lilivyonigharimu. Miezi kadhaa kabla ya siku ile nilikuwa nimepeleka gari kwenye gereji nyingine na kulalamika kwa lugha niliyokuwa nayo: "Mishtuko inaingia ndani." Fundi wa huko naye akanielewa kwa lugha hiyohiyo. Mshtuko unaingia, basi kinachopokea mshtuko ni dhaifu, basi kiongezewe nguvu. Akapachika mipira migumu katikati ya mizunguko ya springi za nyuma. Gari likainuka kidogo, likapendeza machoni. Barabarani likawa mbuzi. Springi ngumu zaidi inarudisha kwa nguvu zaidi, na yule aliyetakiwa kuituliza alikuwa ameshakufa. Kwa siku chache niliamini ni mimi tu sijalizoea. Ningekuwa nimesema "gari linadunda, halitulii", labda mazungumzo yangeelekea kwingine.

Maana dalili za shokapu iliyokufa hazisikiki sana kama mshtuko. Gari linainamisha pua ukifunga breki na kuinua pua ukiondoka. Linalala sana kwenye kona. Tairi linalika kwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unahisi vilima. Na lile la hatari zaidi, ambalo abiria halioni kabisa: breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, kwa sababu gurudumu linalorukaruka haligusi lami muda wote, na tairi lisilogusa lami halifungi breki, hata pedi zikiwa mpya. Lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuiachia uone litadunda mara ngapi linasaidia shokapu ikiwa imekufa kabisa. Ikiwa nusu mfu linaweza kukudanganya, kwani mikono yako haina kasi ya barabara. Na zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, hata kama moja bado nzima. Hili nililipinga mpaka nilipozishika zote mbili, nikaelewa kwamba mpya na nzee zikiwa ekseli moja zitavutana.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuona shokapu kila mahali. Ule mkono wa chuma unaofunga mlango wa ofisi wenyewe: ndani mna springi inayouvuta mlango, na mafuta yanayoukataza kubamiza. Ukiona mlango umeanza kupiga kishindo, mafuta yamekwisha, springi bado ina nguvu zake zote. Mashine ya kufulia nayo ina vya kwake chini ya pipa, la sivyo wakati wa kukamua ingetembea mpaka mlangoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna mshtuko hata kidogo. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, juu ya mto Thames jijini London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, na siku mbili baadaye likafungwa. Halikuwa limepasuka wala kugongwa. Watu walikuwa wanatembea tu. Kila mtu anapotembea husukuma kidogo kushoto, kidogo kulia. Daraja likayumba kidogo kwa upande, watu wakarekebisha hatua zao ili wasianguke, na kurekebisha huko kukawafanya wasukume kwa pamoja, daraja likazidi kuyumba. Ni kukosa wa kutuliza kulikolifunga daraja lile. Wahandisi wakafunga vifaa 37 vya kusukuma mafuta, ndugu kabisa wa shokapu ya gari, pamoja na 52 vya aina nyingine vyenye uzito unaoning'inia, na daraja likafunguliwa tena mwaka 2002. Jaribu kuviita vile 37 vifyonza mshtuko. Mshtuko gani? Kwenye jengo la Taipei 101 nako kuna tufe la chuma la tani 660 linaloning'inia karibu na kilele ili kupunguza kuyumba kwa upepo, na tufe lenyewe limeshikwa na mitungi ya mafuta, kwani bila hiyo lingebaki linabembea tu.

Jina hilo likishatoka gereji hupotea zaidi. Vitabu vya afya vinapenda kutuambia kwamba zile sahani 23 za katikati ya pingili za uti wa mgongo ni shokamzoba za mwili. Sina ugomvi sana na hilo. Sahani zile zinajaa maji, zinabinyika, usiku ukilala zinajaa tena, ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu kidogo kuliko jioni. Lakini ndege kigong'ota ananiuma. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba fuvu lake lina sponji ya kufyonza mshtuko, la sivyo ubongo wake ungevurugika kwa kugonga miti namna ile. Watengenezaji wa helmeti wakamtazama kwa hamu. Mwaka 2022 watafiti waliochukua video za kasi kubwa za ndege hao wakigonga walichapisha walichokiona: ubongo unasimama pamoja na mdomo, hakuna kinachofyonzwa. Kichwa chake ni nyundo ngumu. Ukifikiri kidogo unaona ilibidi iwe hivyo. Nani atapigilia msumari kwa nyundo iliyovalishwa sponji? Kinachomwokoa ni ubongo kuwa mdogo. Tulimpa ndege shokamzoba kwa sababu tulikuwa na jina tayari na tunatafuta wa kumvika.

Na watu wanavikwa vilevile.

Kabla ya kazi hii ya uhariri nilikaa miaka minne kwenye dawati la malalamiko la kampuni moja. Wateja waliingia wakiwa wamewaka. Mimi niliwapokea, nikasikiliza, nikaandika, nikapeleka ghorofani. Ghorofani nao walikuwa na majibu yao makali, nikayachukua, nikayapunguza ukali njiani, nikayafikisha chini yakiwa yanamezeka. Mkuu wangu alinisifia mbele ya wenzangu: "Huyu ndiye shokamzoba wetu." Watu wakapiga makofi. Nilifurahi, sitadanganya. Alimaanisha kwamba kila kitu kinaingia kwangu na hakitoki, na mimi pia nilidhani hiyo ndiyo sifa. Nyumbani nilikuwa nimeanza kugombana na mke wangu kwa sababu ya namna anavyofunga mlango wa kabati. Siku moja alizima redio, akaniuliza, "Baba, nani kakukosea leo?" Nikamjibu hakuna. Na kweli hakuna aliyekuwa amenikosea. Walikuwa wamemkosea mtu wa ghorofani, na wa ghorofani alikuwa amewakosea wao.

Sasa nikilifikiria lile neno la mkuu naona alikuwa amekosea kifaa. Alichonifanya nilikuwa springi. Nilipokea, nikaweka, nikarudisha jioni, mahali pasipohusika, kwa nguvu ileile. Ili niwe shokapu ningehitaji mahali pa kutolea joto, ukuta mwembamba na upepo unaopita: ruhusa ya kusema "mteja huyu ana haki, sisi tumekosea", saa moja ya kutembea, au mtu wa kunisikiliza asiyekuwa mke wangu. Mkuu hakuwahi kugusa kwa mgongo wa vidole aone kama napata moto. Hata mimi sikujigusa.

Wachumi nao wanalitumia sana neno hili, na kwao naona ni mchanganyiko. Sheria za kibenki zilizokubaliwa baada ya msukosuko wa 2008, zile za Basel III, zilisema wazi kwamba lengo ni kuzipa benki uwezo wa kufyonza mishtuko, na zikazitaka ziweke akiba ya mtaji ya ziada ya asilimia 2.5 ya mali zao zilizopimwa kwa hatari. Hapo kufyonza ni neno sahihi: hasara inaingia kwenye mtaji wa wenye hisa na kuishia humo. Lakini wanaposema sarafu inayoelea, ile inayoachwa sokoni ipande na kushuka, ndiyo kifyonza mshtuko cha nchi, huwa nauliza joto linakwenda wapi. Sarafu ikishuka ili viwanda visifungwe, bei za vitu vya nje zinapanda, na kuna mtu anazilipa. Waandishi wa mambo ya umaskini wamelitumia jina hilohilo kwa wanawake: fedha zikipungua nyumbani, mama ndiye anayekula mwisho, anayeacha dawa yake, anayekopa kwa jirani kimya kimya, na watoto hawajui kama kuna kilichobadilika. Humo ndani ya jina mna sifa na mna kisingizio. Kikiitwa kifyonza, inaonekana kama kilichoingia kimekwisha.

Kwenye miongozo ninayohariri sasa nimeanza kuandika "kituliza springi" pale mteja anaponiruhusu, na "shokapu" kwenye mabano kwa ajili ya atakayeifungua. Mteja mmoja aliniandikia kwamba hajawahi kuliona neno hilo katika kamusi yoyote. Ana haki. Nikamrudishia shokapu tupu, bila mabano, akaridhika. Kifyonza mshtuko sijamwandikia tena.

Zile mbili mpya fundi alizifunga mchana uleule, akaitoa mipira ya springi na kunikabidhi kwenye mfuko kama meno yaliyong'olewa. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilirudi kwenye ile barabara ya mawimbi, nikaenda kilomita 40 kwa saa kwa makusudi, nikageuza, nikarudi kwa mwendo uleule, kisha nikaegesha pembeni na kushuka. Kulikuwa na kijana anapita na baiskeli, akanikuta nimechutama nyuma ya gari, mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko.

"Vipi, mzee, pancha?"

"Hapana," nikamwambia. "Naangalia kama zina moto."

Akasubiri. Nikagusa ya kulia, nikazunguka, nikagusa ya kushoto, nikautoa mkono haraka.

"Zina moto?"

"Zote mbili."

Akanitazama kidogo, akapanda baiskeli yake, akaenda.